Mwali wa Chumba cha Magodoro

Jumamosi iliyopita tulisoma arobaini ya Bi. Mwanaheri, pale pale nyumbani kwake Singida Mjini, nyuma ya mashine ya alizeti. Nilifika mapema nikasaidia kuchambua mchele, maana sikutaka watu waseme nimekuja wakati wa kula. Wanawake walikuwa wengi, majamvi hayakutosha, ikabidi baadhi yetu tuletewe sinia la pilau kwenye stoo ya uani. Ndiyo hiyo stoo. Siku hizi wanaweka magunia ya mashudu na baiskeli mbovu, lakini nilipoinua macho niliona misumari bado iko ukutani, safu kwa safu, na kwenye msumari mmoja karibu na dirisha kipande cha sponji ya godoro kimebaki, kimekauka kama mkate wa juzi. Mjukuu wa marehemu, binti anaitwa Nuru, akaniuliza, "Shangazi, ni kweli wewe uliimba Kifaransa humu ndani?" Nikamwambia ni kweli. "Kifaransa! Singida hii hii?" Wenzake wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, kwa sababu hata mimi nikisikia mtu mwingine anasimulia hivyo nitadhani ananitania.

Nimerudi nyumbani nikasema niandike. Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba, na daftari langu la siku zote huwa naandika mvua, vitunguu, nani kaja na nani kaondoka. Sijui kama haya yanafaa kusomwa na mtu. Tena waliokufa hawawezi kunijibu, kwa hiyo nitajitahidi nisiwaonee. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na nilikuwa na jina. Waliniita Zai, badala ya Zaituni. Nilikuwa naimba kwenye harusi, na mara chache jukwaani Shelui, pale malori yanapolala. Jina lenyewe lilikuwa dogo: lilitoka kijijini kwetu Mungaa, likafika Ikungi, likafika Shelui, likachoka. Mzee Karama, mwenye mashine ya alizeti, alinisikia kwenye harusi moja akaniita pembeni. Hakuwa mtu wa muziki hata kidogo. Alikuwa mtu wa biashara, na biashara ndiyo ilimletea muziki. Mafuta yake yalikuwa yanakwenda kwa malori mpaka Bukavu, na mfanyabiashara mmoja wa kule alimwambia, "Niletee kanda ya msichana, nusu Kiswahili chenu kizuri, nusu Kifaransa, mimi nitaiweka kwenye maduka yangu yote." Basi. Mzee akarudi nayo hiyo kichwani. Shida ni kwamba alikuwa kwenye kamati ya msikiti, na mtu wa kamati hawezi kuonekana anafuga mwimbaji. Akanikaribisha nyumbani kwake kama mtoto wa rafiki, na kweli alikuwa anafahamiana na baba. Akamleta fundi wa muziki kutoka Mwanza, kijana mmoja mwembamba anaitwa Deo, na kompyuta yake iliyokuwa wazi mgongoni, nyaya zote nje kama utumbo wa kuku. Tukapewa stoo.

Nikieleze hicho chumba. Walinunua magodoro mabovu ya bweni la shule, yale yenye mistari ya bluu, wakayapigilia misumari kuta zote nne na mlango kwa ndani. Darini wakabandika trei za mayai. Kipaza sauti kilining'inia katikati kimevalishwa soksi nyeupe ya Deo ili pumzi isigonge. Mle ndani mlikuwa mnanuka mayai, alizeti na watoto wa watu waliokojoa miaka ya nyuma. Joto lake sitalisema. Ila tatizo kubwa lilikuwa mashine ya kukamua, ambayo tulitenganishwa nayo na ukuta mmoja tu. Umeme ukiwepo, mashine inanguruma mpaka maji yanatetemeka kikombeni, hakuna kurekodi. Umeme ukikatika, mashine inanyamaza, kimya kitamu kabisa, lakini na kompyuta ya Deo nayo imezima. Tulikuwa na umeme bila kimya, au kimya bila umeme. Deo alikuwa anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anasema, "Zai, huu mji unatucheka." Mwishowe Mzee akakubali kuzima mashine kila baada ya sala ya alasiri mpaka magharibi. Wateja wakaambiwa mashine inapoa.

Halafu kuna upepo. Mtu wa Singida hahitaji kuelezwa. Unakuja na vumbi, unakuingia puani, kooni, kwenye chai. Deo alisema sauti yangu isipigwe na upepo mpaka kazi iishe, na Bi. Mwanaheri, mke wa Mzee, akalichukua neno hilo kama amana. Yeye alikuwa mzaliwa wa Pangani, aliolewa huku bara akiwa msichana, na mpaka anazeeka alikuwa bado anasema "huku kwenu." Mwanamke mrefu, mkavu, mguu wake hausikiki, na muda wote ana karafuu mdomoni. Ukiwa umekaa unasikia harufu kwanza, ukigeuka ndiyo unamwona. Alinipa na mimi. "Weka chini ya ulimi, usitafune," alisema. "Karafuu ni ya kunyamazia." Akanipikia supu ya kuku asubuhi, uji wa uwele na asali mchana, jioni kuku tena. Maji ya baridi hapana. Alizeti za kukaanga, ambazo kwetu mtoto anazitafuna tangu anaota meno, hapana, zinakwaruza. Uani mwisho saa nne asubuhi, upepo ukianza kuinuka ninaingia. Niseme ukweli, geti halikuwahi kutiwa kufuli kwa ajili yangu. Lilikuwa na komeo la kawaida, mtoto angelifungua. Lakini nikilisogelea nasikia harufu ya karafuu, na sauti inasema taratibu, "Mwanangu, na koo?" Ninarudi.

Mwanzoni nilifurahia. Nani alikuwa amewahi kunichinjia kuku mimi? Lakini miezi ilivyokwenda nikaanza kuota natembea. Naota tu natembea barabara ya Ikungi, basi, hakuna zaidi. Uwele ulipokomaa nilimwomba Mzee ruhusa niende Mungaa nikasaidie kuvuna. Alinisikiliza vizuri, akaacha hata kula. "Ukirudi na mafua je, mwanangu? Tuanze upya?" Alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo lilikuwa linanibana. Angekuwa mtu mbaya ningempiga chenga. Kila aliyenizuia alinizuia kwa wema, akiwa na bakuli la supu mkononi. Nikawa napanda juu ya gunia stooni, natoa mkono kwenye nondo za dirisha mpaka kwenye kiwiko, nauacha upepo uupige huo mkono peke yake.

Aliyekuwa ananiletea dunia ni Mama Espe. Huyu alikuwa Mkongomani, mjane, anapikia madereva pale Shelui, na ndiye Mzee alimpata wa kunifundisha Kifaransa. Alikuja mara moja kwa wiki kwa lifti ya lori, na kikapu kimefunikwa kitenge, ndani ana karanga na umbeya. Hakunifundisha kwa kitabu. Alinifundisha mdomo. "Kadogo, ile mdomo yako inafunguka kama mlango ya kanisa! Ikaze. Fanya kama unapuliza moto." Napuliza. "Sasa toa sauti kwa mapua." Natoa. "Hapana, hiyo ni mbuzi." Tulicheka mpaka Deo anatufukuza. Nyimbo nne za Kifaransa alizitunga yeye, na Mzee alikuwa na wasiwasi nazo kwa kuwa haelewi. Alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mama Espe, haya maneno ni ya heshima?"

"Ya heshima sana, Mzee."

"Yanasema nini?"

"Mwanamke anasubiri lori. Lori imeharibika njiani. Vitunguu vinaoza."

Mzee akafikiri. "Na mapenzi yako wapi?"

"Mzee, si anasubiri? Hiyo ndiyo mapenzi."

Huo ndio ulikuwa wimbo wa mwisho, wenye Kifaransa mwanzo mpaka mwisho, na ndio yule mtu wa Bukavu alikuwa anausubiri zaidi. Kiitikio chake kilikuwa *Attends-moi, le camion dort*, nisubiri, lori limelala. Mpaka leo nikiwa nakoroga ugali unanitoka wenyewe.

Sasa hapa ndipo mambo yalipojifunga. Majirani waliona nini? Msichana ameingia nyumba ya Mzee Karama, hatoki. Kuku wanachinjwa. Ngozi yake, kwa wale waliomchungulia, imeng'aa kwa kukosa jua. Kila wiki anakuja mama mgeni na kikapu kilichofunikwa, wanafungiwa chumbani, vinasikika vicheko. Siku moja niko jikoni napuliza jiko, nikamsikia jirani anaongea na Bi. Mwanaheri juu ya ukuta.

"Shoga, yule binti haumwi?"

"Haumwi."

"Mbona hatumwoni hata bombani?"

"Hatoki."

"Ana nini sasa?"

Nilisikia karafuu inahama kutoka shavu hili kwenda lile.

"Ni mwali wangu," Bi. Mwanaheri akasema. "Nimemweka ndani."

"Alaa! Hongera jamani! Na kungwi ndiye yule wa kikapu?"

"Ndiye."

"Nilijua! Nikamwambia baba Shabani, yule kungwi wa watu. Haya, wa nani?"

"Wee! Mwali huulizwa wa nani kabla ya siku yake?"

Nilicheka huku machozi ya moshi yananitoka. Mama Espe alipoambiwa yeye ni kungwi alishika kiuno akazunguka chumba kizima. Hakuna mtu aliyeona ubaya. Ulikuwa uongo mdogo wa kuziba shimo, na shimo lilizibika kweli. Mzee mwenyewe alipumua. Hakuna tena aliyeuliza kwa nini mashine inazimwa alasiri, mwali anapumzika. Ila kwa watu wa mji ule mwali hawekwi ndani bure. Mwali aliyewekwa ndani ni mlango umeandikwa karibuni. Haukupita mwezi, ikaja posa.

Ilitoka kwa familia ya wauza nguo, watu wa msikiti mmoja na Mzee. Kijana anaitwa Idrisa. Baadaye maishani nimemfahamu, ni mtu mwema, ana cheko zuri, na mke aliyempata hajawahi kulalamika mbele yangu. Naandika hili ili isionekane nilikimbia zimwi. Lakini wakati ule sikuwa namjua hata urefu. Nilimsikia Mzee na mkewe wanazungumza barazani, mimi niko nyuma ya pazia na bakuli langu.

"Waambie ukweli, baba Halima," Bi. Mwanaheri alisema.

"Ukweli gani? Kwamba naficha mwimbaji?"

"Basi waambie bado mdogo."

"Wamesikia ana miaka ishirini. Na mimi nikimkatalia mtu kama yule lazima niwe na sababu." Akashusha pumzi. "Kwani kuolewa ni adhabu? Kanda ikiisha huyu binti atakwenda wapi? Arudi kuimba kwenye malori?"

Nadhani Mzee aliamini ananitendea hisani. Aliniita, akanieleza vizuri, hakuficha. "Hakuna atakayekulazimisha, Zaituni. Nimetuma salamu Mungaa, baba yako amesema ukiulizwa mwenyewe ukakubali, yeye hana neno. Wao watakuja kuuliza. Lakini kwanza malizeni kazi." Nikasema sawa, Mzee. Moyoni nilikuwa nimeshapanga. Nitaimba wimbo wa mwisho, kanda itatoka na jina langu juu yake, siku watakayokuja kuuliza nitasema hapana kwa adabu, nitachukua begi langu na nitafungua lile komeo kwa mkono wangu. Nilikuwa naona nina muda.

Nilichokosa ni sauti. Tulikuwa tumeimba sana wiki ile, na siku ya Jumatano koo lilikwaruza, likatoa sauti mbili kwa wakati mmoja. Deo alipauka. Kompyuta haikuwa yake yote, alikuwa anashirikiana na mwenzake, na Jumapili alitakiwa kuirudisha Mwanza. Akanifunga kitambaa chekundu shingoni kama mbuzi wa kutambika. "Kuanzia sasa huongei. Hata kunong'ona, kunong'ona ndiyo mbaya zaidi. Jumamosi alasiri tunarekodi huo wimbo, mara moja, basi. Ukiongea kabla ya hapo, Zai, wimbo hakuna na mimi siko." Mama Espe akabaki kulala hapo hapo ili asinikose. Nikawa bubu. Nikitaka chumvi naonyesha vidole. Kwa kuwa hatukuwa tunarekodi, Mzee aliiwasha mashine mchana kutwa kufidia magunia yaliyolundikana, ikanguruma Alhamisi, ikanguruma Ijumaa.

Ijumaa hiyo baada ya sala, washenga walikuja. Hawakuwa wamesema watakuja siku hiyo. Baba mdogo wa kijana alikuwa anasafiri kesho yake, wakaona wamalize jambo. Mimi niko stooni nimekaa juu ya godoro, mlango umeegeshwa. Niliona kanzu zinapita uani, nikaona Halima, binti yao, anakimbia na sinia la vikombe. Nikaelewa. Mama Espe naye akaelewa, akanishika mkono. "Usiseme kitu, kadogo. Kesho. Weye utasema kesho, kisha wimbo." Nilitikisa kichwa kukubali. Kwa jinsi nilivyolelewa mimi, msichana asipojibu maana yake hajajibu. Watarudi. Niliona kunyamaza ndiyo njia salama kuliko zote: naitunza sauti, na hapana yangu naiweka akiba mpaka Jumamosi jioni.

Wakaja wazee wawili kama mashahidi, wakasimama uani mbali kidogo kwa heshima, na Bi. Mwanaheri akaja mpaka mlangoni. Ile mashine inanguruma ukutani, vikombe vinalia kwenye sinia. Akauliza kwa sauti ya kawaida, ya kule kwao. "Zaituni, amekuja Idrisa kwa njia ya wazee wake, anataka kukuoa. Umekubali?" Nilinyamaza. Nikamwonyesha kitambaa changu chekundu. Alikitazama. Akauliza mara ya pili. Nikanyamaza. Nikaona mmoja wa wale wazee anaanza kutabasamu, anamgusa mwenzake kwenye kiwiko, na sikujua anachotabasamia.

Ndipo Bi. Mwanaheri alifanya jambo ambalo nimeliwaza miaka yote hii. Aliitoa karafuu mdomoni, akaishika kwenye kiganja, akapaza sauti juu ya mashine, ananitazama mimi lakini anaongea kama anasomea umati. "Zaituni! Sikiliza, mwanangu. Msichana akiulizwa akinyamaza, kunyamaza kwake ni kukubali. Nitauliza mara ya tatu, na ukinyamaza hawa wazee watakwenda kusema umekubali, na itakuwa imekwisha. Umenisikia?" Mzee mmoja akasema, "Mama, hayo anayajua." Akamjibu bila kugeuka, "Huyu mtu wa Mungaa. Ajulishwe."

Nilikitazama kipaza sauti na soksi yake. Nilimtazama Mama Espe, anatikisa kichwa, anasema kwa macho kesho, kesho. Kama ningenong'ona, Bi. Mwanaheri angesikia, lakini mashahidi hawawezi kushuhudia mdomo unaochezacheza, na mashine ilikuwa haisikilizi mtu. Ilibidi nipige kelele. Na nikipiga kelele, mwaka mzima wa kuku na joto na mkono mmoja dirishani unakwenda na hiyo kelele. Aliuliza mara ya tatu.

"Sitaki!"

Haikuwa sauti yangu. Ilipasuka katikati, nusu yake ikatoka kama bati linaburuzwa. Nikaona bado wananikazia macho, nikasimama nikapiga tena. "Sitaki! Mimi si mwali! Mimi naimba!" Pale ndipo sauti iliisha kabisa, ikabaki hewa tu.

Yule mzee aliyekuwa anatabasamu alisogea akachungulia juu ya bega la Bi. Mwanaheri. Aliona magodoro ukutani, akaona trei za mayai darini. "Na hiyo soksi inaning'inia," akauliza, "ni ya nani?" Nilimsikia Mama Espe anaanza kucheka kwa hofu, mkono mdomoni.

Waliondoka na heshima yao, chai hawakuimaliza. Kufika magharibi mji mzima ulikuwa unajua. Mzee Karama hakunipiga, hakunifukuza, hakunitukana, angefanya hivyo ningeandika. Alikuja uani, kofia mkononi, akasema, "Zaituni, umenivua kanzu mbele za watu," akaingia ndani. Sikuweza hata kumwomba radhi, sauti haikuwepo. Nilidhani kesho hatazima mashine. Jumamosi baada ya alasiri nikiwa nafunga begi, nikasikia inapunguza, inapunguza, inanyamaza. Deo akachungulia. "Njoo tujaribu. Siri si imeshatoka? Afadhali na kanda itoke."

Niliimba na nilichobaki nacho. Juu sikufika, ikabidi niteremke kule chini, kwenye sauti ya mtu mzima ambayo sikuwa nimewahi kuingia. Neno linakatika, nasubiri, naendelea. *Attends-moi*. Mama Espe alikuwa amekaa kwenye ndoo, hakunisahihisha mdomo hata mara moja. Nilipomaliza alisema, "Mbele ya leo ulikuwa unaimba kama mutoto ya shule anakariri." Hakusema sasa naimba kama nani. Bi. Mwanaheri alikuwa amesimama mlangoni na bakuli. Aliniwekea supu chini, akasema, "Kunywa ingali moto," akaondoka. Hayo ndiyo maneno yake yote kwangu siku hiyo.

Jumapili nilifungua komeo. Upepo ulinipiga usoni wote kwa mara moja nikatema vumbi, nikasimama pale kama mjinga nalia na natema. Kanda ilitoka. Ilipakiwa kwenye malori pamoja na mafuta. Yule mtu wa Bukavu aliisikiliza akatuma salamu kwamba Kiswahili ni kizuri, lakini Kifaransa chake ni cha mama ntilie wa stendi, hakiwezi kukaa dukani kwake. Hakukosea. Madereva ndio waliipenda, hasa ule wa lori lililolala, na kwa mwaka mmoja hivi ukipita Shelui ungeisikia sauti yangu iliyokwaruza inatoka madirishani. Sauti ya kwanza haikurudi. Niliimba harusi chache, kisha nikaanza vitunguu, na vitunguu vimenilea. Sisemi kwamba ningekuwa mtu mkubwa. Sijui. Labda ningeishia hapo hapo hata bila Ijumaa ile.

Ninachokijua ni kwamba nilimwogopa Bi. Mwanaheri miaka mingi baadaye. Nilipita mbali na nyumba yake. Kwa watu nilimwita askari wangu. Na wakati huo huo kitu kilikuwa kinanikereketa: siku ile pale mlangoni, nani alimtuma aiseme sheria? Wazee waliijua. Mumewe alitaka jambo liishe. Angeuliza mara tatu kwa sauti yake ya kawaida, mimi ningenyamaza na kitambaa changu, na leo ningekuwa mke wa Idrisa. Kuna siku nilimwona ndiye aliyeniponza, kwa kuwa alinilazimisha kupiga kelele. Kuna siku nilimwona vingine. Sikuwahi kumuuliza, na ameshakufa.

Basi Jumamosi pale stooni, juu ya sinia, Nuru na wenzake walikuwa bado wananicheka na Kifaransa changu, ndipo mdogo wake marehemu, Bi. Mwanasha, aliyesafiri kutoka Pangani, akasema, "Nyie mnacheka la huyu, hamjasikia la bibi yenu." Akajifuta vidole. "Siku dada yangu anaulizwa kuolewa, alikuwa na jipu la jino. Shavu limefura, andazi! Mama kamshindilia karafuu, kamwambia, ole wako ufumbue huo mdomo. Wakaja mashahidi. Mwanaheri, umekubali kuolewa na Karama wa Singida? Kimya. Mara ya pili, kimya. Ya tatu, machozi yanamtoka kwa jino, kimya. Wakasema mashallah, mtoto ana haya huyu!"

Wanawake walicheka mpaka pilau likamwagika kwenye magunia. Mmoja akasema, "Kwa hiyo babu alioa jino!" wakacheka upya, wanapigana mabegani.

Nuru ndiye aliyenyamaza kwanza. "Sasa bibi," akauliza, "bila lile jino, angejibu nini?"

Bi. Mwanasha alikuwa anapangusa macho na upindo wa kanga. "Hata mie nilimuuliza, tumeshazeeka sote. Akanambia, 'Sijui, Mwanasha. Sikuulizwa tena.'"

Wakaendelea na mengine, habari za mvua, habari za basi la kurudia Tanga. Kwenye pilau la mbele yangu kulikuwa na karafuu. Siku zote nikila pilau naziokota naziweka pembeni ya sinia, na hii niliiokota, nikaishika kwenye kiganja. Kisha nikaitia mdomoni, sikuiweka chini ya ulimi, nikaitafuna.